Barua ya wazi kwa wenye mamlaka juu ya magari: pimeni moshi kabla ya kuhesabu miaka

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya uchukuzi, mazingira, fedha na mambo ya ndani ya nchi. Kwa wakuu wa LATRA (usafiri wa ardhini), TBS (viwango), NEMC (mazingira), EWURA (nishati na maji) na Kikosi cha Usalama Barabarani.

YAH: MAGARI YA DIZELI YA ZAMANI NA WANAOISHI KWAYO

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkazi wa Dar es Salaam na mmiliki wa Canter ya dizeli iliyotumika Japani kabla ya kufika kwangu, gari linalobeba saruji, magunia ya mchele, vyombo vya wanaohama nyumba na bidhaa za Kariakoo, na ambalo ndilo linalolipa ada za shule za watoto wangu. Sheria ya kuyaondoa barabarani magari ya namna hii kwa sababu ya umri bado haijafika kwetu, lakini sioni sababu ya kudhani kwamba haitafika. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha mwaka 2018 sheria inayofunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania imechagua njia ya kodi, ambapo gari la zamani hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Hatua zote hizo zinahusu gari linaloingia nchini. Kuhusu gari ambalo tayari limo ndani, lenye namba za usajili, bima na leseni ya kubeba mizigo, bado hatujaulizana waziwazi. Siku tutakapoulizana, naomba jibu lisiandikwe kwa haraka, na lisianzie kwenye mwaka ambao gari lilitengenezwa.

Niseme mapema kwamba sitetei moshi. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani kundi la vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umejitosheleza. Anayeuvuta zaidi moshi huo si abiria wa gari dogo lililofungwa vioo. Ni mama anayekaanga mihogo pembeni ya kituo cha Mbagala Rangi Tatu, ni askari wa usalama barabarani anayesimama Buguruni tangu alfajiri, ni kondakta aliyening'inia mlangoni, ni mwendesha bodaboda anayesubiri taa ziruhusu huku bomba la lori likiwa usawa wa uso wake, na ni dereva wangu mwenyewe na utingo wake. Mmiliki anayesema kwamba moshi huo hauna madhara hasemi kweli, na nisingependa barua hii isomwe kama ya mtu wa namna hiyo. Nataka magari yanayochafua hewa yaondoke. Ninachoomba ni kwamba yaondoke yale yanayochafua, kwa njia ambayo mwenye gari ataielewa, ataweza kuimudu na hatakuwa na sababu ya kuikwepa.

Magari yetu mengi yana historia inayohusiana moja kwa moja na jambo hili, na nashangaa kwamba hatuitaji mara kwa mara. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Ishihara Shintaro, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli, akawa anakwenda mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi meusi ili watu waone kinachotoka kwenye mabomba ya malori. Kanuni za jiji hilo zilipitishwa Desemba 2000 na zikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2003, Tokyo ikiwa pamoja na majirani zake Saitama, Chiba na Kanagawa. Malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha chembechembe za masizi yalizuiwa kuingia, yawe yamesajiliwa ndani ya jiji au nje yake, na faini ilifika hadi yeni 500,000. Wenye magari walinung'unika, hasa wasafirishaji wadogo, lakini mambo mawili yaliwafanya wengi wakubali. Kwanza, gari lilipewa miaka 7 tangu kusajiliwa mara ya kwanza kabla kanuni hiyo haijaligusa, na tangazo lilitoka karibu miaka mitatu kabla ya siku ya utekelezaji. Pili, mwenye gari la zamani hakulazimika kulitupa, kwani aliweza kulifungia kichujio cha masizi kilichoidhinishwa, na serikali ilichangia gharama yake. Hata baada ya kampuni ya Mitsui kukiri mwaka 2004 kwamba kampuni yake tanzu ilighushi takwimu za vichujio ilivyokuwa ikiviuza, jambo lililowaumiza wamiliki walionunua kwa nia njema, utaratibu wenyewe haukuanguka, kwa sababu haukuwa umejengwa juu ya kuwaadhibu.

Sasa tujiulize yale ambayo hayakufungiwa vichujio yalikwenda wapi. Mengine yalihamia majimbo ya Japani yasiyo na kanuni hiyo, mengine yalichakatwa kuwa vyuma chakavu, na mengine yalipakiwa melini. Nchi zinazoendesha kwa kushoto kama yetu ndizo soko la kawaida la magari ya Japani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika, kwamba takriban asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba Afrika ilipokea mengi kuliko bara jingine lolote. Hesabu hiyo haikugusa malori. Kila jiji kubwa duniani linapofunga mlango wake kwa dizeli ya zamani, mlango mwingine hufunguliwa Mombasa na Dar es Salaam.

Hapo ndipo hali yetu inapotofautiana na ya Tokyo. Wao walikuwa na mahali pa kuyapeleka magari waliyoyakataa, na sisi hatuna, isipokuwa kwa wenzetu wenyewe. Hiace tulizoziita vipanya zilipoondolewa kwenye njia za katikati ya jiji, hazikwenda kuyeyushwa. Zilihamia pembezoni na mikoani, zikaendelea kubeba watu wengi kuliko zilivyotengenezewa. Canter itakayofukuzwa Dar es Salaam itauzwa Singida au Katavi, au itavuka Tunduma na kuendelea hadi Lubumbashi. Moshi wake utakuwa uleule, na utavutwa na watu walio mbali zaidi na hospitali ya rufaa. Marufuku ya jiji moja, kwa nchi kama yetu, itahamisha moshi bila kuupunguza.

Tukio ambalo ningeomba mlisome kwa makini kuliko yote ni la Delhi, kwa kuwa jiji hilo lina mambo mengi yanayofanana na yetu: wamiliki wadogo wengi, magari yanayotengenezwa na kutengenezwa tena, gereji za mitaani, na familia ambazo gari ndiyo mali pekee yenye thamani baada ya nyumba. Mwezi Aprili 2015 mahakama maalumu ya mazingira ya India iliamuru kwamba gari la dizeli lililozidi miaka 10 lisitembee katika Delhi na maeneo yanayoizunguka, na tarehe 29 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaunga mkono amri hiyo, huku magari ya petroli yakipewa miaka 15. Amri ilitekelezwa kwa kusuasua kwa miaka mingi. Kisha ikaja njia mpya, kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2025 vituo vya mafuta visiyauzie mafuta magari yaliyopita umri. Kamera za kusoma namba za usajili zilifungwa kwenye vituo, polisi wakasimama kwenye pampu, na wauza mafuta, ambao kazi yao haijawahi kuwa ya kukamata watu, wakajikuta wakiambiwa wamkatalie mteja aliyesimama mbele yao. Magari yaliyohesabiwa kuwa yamepita umri yalikuwa takriban milioni 6, mengi yakiwa pikipiki.

Hasira ya wamiliki ilikuwa kubwa, na ni muhimu kuelewa ilitoka wapi, kwa sababu viongozi wengi hudhani kwamba mwenye gari hukasirika kwa vile hajali afya ya wengine. Wakazi wa Delhi wanajua hewa yao ilivyo. Kila majira ya baridi shule hufungwa kwa sababu yake. Malalamiko yao yalikuwa ya aina nyingine. Usajili wa gari binafsi nchini India hutolewa kwa miaka 15, na mwenye gari la dizeli aliyesajili kwa muda huo, akalipa kodi ya barabara kwa kutegemea muda huo, aliambiwa katikati ya safari kwamba ana miaka 10 tu. Kila gari nchini humo hutakiwa pia kuwa na cheti cha kupimwa moshi. Kwa hiyo palikuwa na watu ambao gari lao lilipimwa kwa utaratibu wa serikali, likafaulu, likapewa cheti, kisha likanyimwa mafuta kwa amri iliyoungwa mkono na dola hiyohiyo. Wazee wenye magari yanayotoka mara chache kwenda hospitali au hekaluni waliwekwa kundi moja na magari ya biashara yanayozunguka usiku na mchana. Waliokuwa na magari ya thamani kubwa walieleza jinsi walivyoyauza kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi wa majimbo mengine, ambako magari hayo yaliendelea kutembea kihalali.

Yaliyofuata yanapaswa kuwa somo kwa kila anayeandaa kanuni. Siku ya tatu tu, tarehe 3 Julai, waziri wa mazingira wa Delhi, Manjinder Singh Sirsa, aliiandikia tume ya ubora wa hewa akiomba amri isitishwe, akitaja kamera zenye kasoro na ukweli kwamba majimbo jirani hayakuwa na mfumo huo, kwa hiyo mtu angevuka mpaka, akajaza tangi na kurudi. Tume ikaahirisha hadi Novemba. Tarehe 12 Agosti Mahakama ya Juu ikazuia wamiliki kuchukuliwa hatua za nguvu kwa sababu ya umri wa gari peke yake. Tarehe 17 Desemba ikarekebisha amri hiyo, ikabakiza kinga kwa magari ya kiwango cha moshi cha India kiitwacho BS-IV na kuendelea, kiwango kinacholingana na Euro 4 cha Ulaya (namba ikiwa kubwa zaidi, moshi unaoruhusiwa ni mdogo zaidi), na kuruhusu hatua dhidi ya magari ya viwango vya chini yaliyopita umri. Yaani baada ya miaka kumi ya kesi, kamera, faini na manung'uniko, Delhi ilikaribia swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwaka 2015: injini hii ilitengenezwa kwa kiwango gani, na inatoa nini? Muda uliopotea ulivutwa na mapafu ya watu, na imani iliyopotea haitarudi kwa tangazo la gazeti. Kanuni inayotangazwa kwa kishindo na kurudishwa nyuma baada ya siku chache huwafundisha wamiliki kwamba kanuni inayofuata nayo inaweza kusubiriwa ipite.

Kuhusu London nitakuwa mfupi. Jiji hilo halikupiga marufuku. Lilitoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango, na kwa magari mengi ya dizeli kiwango hicho kilikuwa Euro 6, maana yake hata gari la mwaka 2014 lingeweza kukamatwa. Utaratibu ulipopanuliwa hadi viunga vyote vya jiji tarehe 29 Agosti 2023, kamera zilikatwa na kung'olewa usiku, na uchaguzi mdogo wa Uxbridge wa Julai mwaka huo uliamuliwa kwa kura 495 huku suala hilo likiwa ndilo lililotawala kampeni. Fedha za kumsaidia mtu kuachana na gari lake, hadi pauni 2,000 kwa gari dogo, kwa muda mrefu zilitengwa kwa wenye kipato kidogo sana na makundi machache mengine; zilifunguliwa kwa wakazi wote wa jiji katika mwezi uleule wa upanuzi, siku chache kabla ya kamera kuwashwa. Nadhani msaada huo ungetangulia kwa mwaka mzima, kamera nyingi zingebaki mahali pake. Nako Stuttgart, mji wa Ujerumani wenye viwanda vya Mercedes-Benz na Porsche, marufuku ya dizeli za Euro 4 na za chini yake iliyoanza tarehe 1 Januari 2019 iliwatoa watu mitaani wakiwa wamevaa vizibao vya njano, na sehemu ya uchungu wao ilitokana na udanganyifu wa Volkswagen uliofichuliwa Septemba 2015. Watu waliuziwa dizeli kama gari safi, viwanda vikaongopa juu ya vipimo, na mzigo ukamwangukia mnunuzi.

Turudi nyumbani. Anayefanya kazi na magari haya anajua kwamba miaka ya gari na weusi wa moshi wake ni mambo mawili yanayokutana mara nyingi lakini si mara zote. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri: nozeli zimechoka, pampu imefunguliwa ili gari lipate nguvu ya kupanda mlima, ea klina imejaa vumbi, au gari limepakiwa tani mbili zaidi ya uwezo wake. Moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye ringi. Haya yote yanatengenezeka, na fundi mzuri wa pampu wa Gerezani anaweza kulifanya gari la miaka 20 litoe moshi mwembamba kuliko la miaka 10 lililotelekezwa. Sisemi kwamba litakuwa sawa na gari jipya lenye kichujio. Halitakuwa, na gari la zamani hata likitunzwa vipi lina kikomo chake. Nasema kwamba tofauti ya utunzaji ni kubwa kiasi kwamba sheria isiyoiona itamwadhibu mtunzaji na kumwacha mharibifu.

Lipo jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu linaenda kinyume na mantiki yote ya kuhesabu miaka. Magari ya dizeli ya Japani ya miaka ya karibuni huja yakiwa na kichujio cha masizi. Kichujio kinapoziba, na kipya kikiwa na bei inayokaribia ya injini iliyotumika, mwenye gari hushauriwa akitoe: fundi hukata bomba, huondoa kilichomo, hushonea tena, kisha mtaalamu wa kompyuta huibadili programu ya injini ili taa ya dashibodi isiwake. Gari hilo kwa kadi ni la kisasa. Kwa hewa ni baya kuliko linavyodhaniwa, na marufuku ya umri italipita salama huku ikikamata Canter iliyotunzwa. Kipimo cha moshi ndicho kitakachoweza kuliona.

Kwa hiyo ombi langu la msingi ni mashine. Ipo mashine ya kupima weusi wa moshi wa dizeli: mkaguzi huingiza kichunguzi kwenye bomba, dereva hukanyaga mafuta gari likiwa limesimama, na namba hutoka. Haiulizi gari lilitengenezwa lini wala ni la nani. Najua haioni kila kitu, kwa kuwa oksidi za nitrojeni haizipimi, lakini masizi ndiyo yanayotusumbua zaidi katika vituo na masoko yetu, na pa kuanzia ni hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zipo. Kinachohitajika ni vituo vya ukaguzi vyenye vifaa hivyo katika kila mkoa, na utaratibu ambapo matokeo huchapishwa kwenye karatasi yenye namba ya usajili, tarehe na saa, nakala ikiingia moja kwa moja kwenye mfumo. Namba iliyochapishwa huondoa mazungumzo ya pembeni ya barabara. Tukibaki na utaratibu wa kutazama moshi kwa macho na kukadiria, kanuni hiyo itakuwa chanzo kingine cha rushwa, na aliye na moshi mweusi zaidi ndiye atakayekuwa tayari kutoa zaidi.

Gari litakalofeli lipewe muda wa kutengenezwa na kurudi. Likirudi na kufeli tena, liondoke barabarani, hata kama ni langu. Wenye magari wakiona kwamba nozeli mpya na kupunguza mzigo vinatosha kuwavusha, watafanya hivyo bila kusukumwa, na hewa itaanza kubadilika kabla ya gari hata moja kupigwa marufuku.

Naomba pia mzingatie namna mali hizi zilivyofungamana na mikopo. Kwa wengi wetu kadi ya gari ndiyo dhamana iliyowekwa SACCOS au kwa mkopeshaji mwingine. Siku itakapotangazwa kwamba gari la miaka fulani halina tena haki ya kutembea, bei yake sokoni itaporomoka siku hiyohiyo, na deni litabaki palepale. Hilo litaathiri hata watu wasio na gari, yaani wanachama wengine wa SACCOS ambao akiba zao ndizo zilizokopeshwa. Ndiyo maana nasisitiza notisi ya miaka, si miezi, ili mikopo iliyopo imalizike na mipya itolewe watu wakijua. Pamoja na notisi hiyo, wizara ya fedha itazame kodi ya magari madogo ya mizigo yaliyo safi zaidi, maana kumwambia mwenye Canter ya zamani anunue mpya wakati kodi peke yake inamshinda ni kumwambia aache kazi. Na litafutwe jibu la gari litakaloondolewa: nani atalinunua kama chuma chakavu, kwa bei gani, na vipi usajili wake utafutwa kabisa ili lisionekane tena mkoani likiwa na namba nyingine.

Mafuta nayo ni sehemu ya jambo hili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli yake isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, hatua kubwa ambayo wengi hawakuisikia, ingawa Ulaya tayari ilikuwa kwenye 10. Lakini dizeli inayotoka bandarini ikiwa safi inaweza kufika kwenye tangi langu ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa. Vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambua mafuta yaliyochanganywa, vilivyoanza kuwekwa na EWURA mwaka 2010 vilipunguza uchakachuaji, na kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kulipunguza faida yake. Kazi hiyo naiheshimu na naomba izidishwe hadi kwenye vituo vidogo vya wilayani, kwa sababu si haki gari lipimwe na mafuta yake yasipimwe. Kuhusu gesi asilia, ambayo Delhi iliitumia kubadilisha mabasi yake yote kwa amri ya mahakama ya mwaka 1998, sisi tunayo ya Songo Songo na Mnazi Bay, na nafurahi kuona magari yanayoitumia yakiongezeka. Hata hivyo kubadili injini ya dizeli si kazi nyepesi kama ya petroli, na foleni za vituo vya gesi vya Dar es Salaam zinajulikana. Isitangazwe kuwa ndiyo njia ya kutokea kabla vituo havijaongezeka.

Lingine ni mpangilio wa nani ataanza. Naomba aanze mwenye nguvu. Magari ya serikali, mashangingi, malori ya halmashauri ya kuzoa taka, mabasi ya taasisi na vyombo vya miradi ya ujenzi yapimwe kwanza na matokeo yatangazwe. Siku lori la halmashauri litakapopimwa hadharani, likafeli na kuegeshwa, hakuna mwenye Canter atakayekuwa na neno. Na mnapokaa mezani na wadau, kumbukeni kwamba TABOA na TATOA huwasemea wenye mabasi na malori makubwa, lakini mwenye gari moja la tani mbili au Hiace moja mara nyingi hana chama, hana mwanasheria, na husikia habari ya kanuni mpya anapokamatwa. Mikutano ifanyike pia kwenye vijiwe vya Canter, kwenye vituo vya daladala na kwenye gereji, saa ambazo watu hao wapo.

Kabla ya kutaja tarehe yoyote, kabla hata ya kuandika rasimu, naomba timu ya wakaguzi ikae wiki kadhaa Ubungo, Mbagala, Tegeta na Gongo la Mboto, ipime magari ya dizeli ya kila umri na kila aina, na ichapishe ilichokikuta: mwaka wa gari, kiwango cha injini, kama kichujio kipo au kimetolewa, na namba ya moshi. Majina ya wamiliki hayahitajiki. Takwimu hizo zitawaonyesha ninyi na sisi ni magari gani hasa yanayoua hewa ya jiji hili, na kanuni itakayotoka humo tutaweza kuijadili kwa hoja. Gari langu nitalileta lipimwe siku ya kwanza.

Kwa heshima,

Mmiliki wa Canter ya dizeli,
Dar es Salaam